Hadi Kwenye Kiwiko

Kipimo ni hiki, alisema bwana samaki wa wilaya:
zamisha mkono, vidole vikiwa vimekunjuliwa,
taratibu, kama unayepapasa paji la mtoto aliyelala.
Vidole vikipotea kabla maji hayajafika kiwikoni,
bwawa limevimbiwa.

Vyangu vilipotea hata kifundo hakijalowa.

Maji mlenda mtupu.
Alfajiri, adhana ya Oli bado iko hewani,
perege walielea juu juu, midomo wazi,
kama wagonjwa wa wodi namba tatu
niliowauguza miaka thelathini na mmoja.
Mdomo unaotafuta pumzi naujua.
Kwa hilo sikumhitaji bwana samaki.

Kosa langu. Nililisha kwa mkono wa harusi,
pumba asubuhi, pumba jioni,
na gunia la samadi ya kuku nimelifunga pembeni
linavuja usiku na mchana.
Mgomba uliokuwa ukitia kivuli niliukata,
nikasema unaniibia jua.
Haya, jua hilo.

Nikaanza. Gunia nikaliopoa.
Ndoo moja ya bwawa kwenye matuta ya kunde,
ndoo moja ya kisima kwenye bwawa,
theluthi tu, alionya, usizidishe,
maji mapya yote kwa mpigo huua samaki kwa ugeni.
Siku ya tatu mgongo ukaanza kuniita
kwa jina langu la utotoni.

Kisha pipa la buluu, limetobolewa chini,
kokoto za mto Enyau, mchanga,
na godoro la Onzima
nililolikata vipande kwa kisu cha mkate.
Sponji nzuri. Aliilalia miaka minne,
mpaka siku niliyomwambia, mbele ya wageni,
kwamba kufuli la banda la kuku halina miguu.

Akaenda Elegu kupakia malori.
Godoro hakulichukua.
Hakubisha, pia.

Majuma mawili pipa likakohoa ukijani.
Kila jioni niliikamua sponji,
ikatoa uji, ikatoa uji,
nikawa nanuka bwawa hata kanisani,
Driciru akasogea benchi la nyuma.

Siku ya kumi na sita vidole vikabaki navyo.
Kifundo. Nusu ya mkono. Kiwiko.
Nikafurahi, nikaongeza juma jingine kwa ubishi,
maji yakawa kama ya kunywa.
Ndipo nikaona, kwenye tope, karibu na jiwe la kufulia,
kitu cha shaba,
ufunguo ungali ndani yake.

Nilikaa juu ya ndoo niliyoipindua.
Nani hufungua banda alfajiri? Mimi.
Nani huinama hapo kunawa, mikono imejaa? Mimi.

Jioni ile ile akaja mdiria.
Kumbe naye alikuwa akingoja maji safi.
Akachukua mmoja. Akapangusa mdomo kwenye waya wa kuanikia nguo,
akachukua wa pili.
Bwana samaki alicheka simuni mpaka akakohoa:
Mama, nilisema kiwikoni, sikusema hadi chini.
Ukijani kidogo ni chakula cha perege,
tena ni pazia lao.

Basi pipa nalifungua siku moja moja.
Nimepanda machipukizi matatu ya mgomba upande wa machweo.
Ijumaa napima: vidole vififie, visipotee.

Kufuli nimelipaka mafuta. Linafunga.
Liko dirishani; bandani nimefunga kamba.

Namba ya Elegu nilipiga mara mbili, ikaita tu.
Mara ya tatu akapokea mtu nisiyemjua,
nyuma yake honi na kelele za makuli.
Onzima yuko juu ya lori, akasema, nimwambieje?
Mwambie shangazi yake.
Mwambie nimeharibu godoro lake,
nitamnunulia jipya.

Hilo tu?

La kufuli, nikasema, nitamwambia mwenyewe.